Sura ya Nne: Sanduku la Owatonna

Watu watatu waliolizaa jengo hili hawakufaidi nalo. Mwenye benki alifilisika. Msanifu aliyelibuni alifariki akiwa fukara katika chumba cha hoteli mjini Chicago. Msaidizi wake, ambaye mkono wake umo katika karibu kila ua na kila jani lililochongwa ukutani, aliondoka kazini mwaka uliofuata baada ya jengo kukamilika, kwa kuwa ofisi haikuwa tena na cha kumlipa. Jengo lenyewe lipo pale pale, kwenye kona inayotazama bustani ya mji wa Owatonna, jimbo la Minnesota, kaskazini ya kati ya Marekani. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, milango ile ile inaingiza watu waliokuja kuweka na kutoa fedha.

Wengi hujibu upesi kwamba limesalia kwa sababu ni zuri. Uzuri kweli unalo, na tutaukaribia punde. Lakini msanifu huyo huyo alijenga majengo mengine mazuri kama hili, na baadhi yake yalivunjwa mchana kweupe, watu wakitazama. Uzuri peke yake haujawahi kuzuia nyundo. Kilicholiokoa jengo la Owatonna kimejificha mahali pa kawaida zaidi, na ndicho tunachokifuata katika sura hii.

Kwanza tuone kwa nini mji mdogo ulihitaji benki ya aina hii. Mwanzoni mwa karne ya 20 Owatonna ilikuwa na wakazi zaidi kidogo ya 5,000. Mashamba ya ngano na mahindi yaliuzunguka, na wilaya nzima ilijulikana kwa ng'ombe wa maziwa na viwanda vidogo vya siagi. Fedha za mji zilitoka shambani na kurudi shambani: mkulima alikopa kununua mbegu, akalipa baada ya mavuno, akaweka akiba, akakopa tena kupanua zizi.

Benki aliyokwenda haikuwa tawi la benki kubwa ya mji mkuu. Sheria za Marekani za wakati ule zilibana sana ufunguzi wa matawi, kwa hiyo karibu kila mji ulikuwa na benki yake, yenye wenyewe wanaojulikana kwa sura na kwa ukoo. Aidha hapakuwa na bima ya amana. Sheria ya serikali kuu ya kulinda amana za wananchi ilipitishwa mwaka 1933. Kabla ya hapo benki ikianguka, akiba yako inaanguka nayo. Kwa hiyo mtu aliyefika na noti zake mfukoni alilitazama jengo kama anavyomtazama mtu anayetaka kumkopesha: je, huyu ana uzito? Kesho nitamkuta?

Ndiyo maana wenye benki walipenda nguzo. Pita katika mji wowote mdogo wa Marekani uliojengwa enzi hizo utaikuta: benki yenye sura ya hekalu la Kigiriki, nguzo nne au sita za mawe meupe, ngazi, na jina kwa herufi kubwa. Nguzo zilisema kwamba hapa ni pa kale, ingawa ukuta ulikuwa na miezi minane tu.

Carl Bennett hakuzitaka nguzo hizo. Alikuwa makamu wa rais wa National Farmers' Bank, benki iliyoongozwa na baba yake. Alikuwa amesoma Harvard na kuhitimu mwaka 1890, na moyo wake ulikuwa kwenye muziki kuliko kwenye hesabu. Familia ilimhitaji nyumbani, akarudi kukaa nyuma ya meza ya mikopo. Ofisi ilipokuwa ndogo kwa kazi iliyoongezeka, Bennett na wenzake walikwenda kuangalia benki nyingine ili wajue wajenge nini. Baadaye aliandika katika jarida la The Craftsman kwamba walizoziona hazikuwaridhisha. Hakuna iliyoeleza kwa sura yake kuwa ni benki, tena benki ya wakulima.

Katika jarida hilo hilo, mwaka 1906, ndimo alimosoma makala ya Louis Sullivan.

Jina hilo lilikuwa kubwa, lakini mwenye jina alikuwa amekwisha kuporomoka. Sullivan alizaliwa Boston mwaka 1856. Akiwa na mshirika wake, mhandisi Dankmar Adler, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kulipatia ghorofa refu la chuma sura yake halisi, badala ya kulirundikia mapambo ya majumba ya Ulaya. Auditorium ya Chicago ya mwaka 1889, Wainwright ya St. Louis na Guaranty ya Buffalo zilimfanya mwalimu wa kizazi kizima. Kijana mmoja aliyechora mezani kwake, Frank Lloyd Wright, alimwita bwana wake hadi uzeeni. Lakini mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1893 uliikausha kazi, Adler akajitoa mwaka 1895, na Sullivan akabaki na kiburi, pombe na wateja wachache. Barua kutoka mji ambao labda hakuwahi kuusikia ilimkuta mtu mwenye kipaji chote na kazi kidogo.

Kwa hiyo jengo la Owatonna ni zao la watu wawili wenye kiu. Mmoja alitaka muziki akapewa benki. Mwingine alitaka majengo marefu akapewa kona ya mji wa siagi.

Sasa tulitazame jengo. Ukisimama ng'ambo ya barabara unaona umbo ambalo mtoto angeweza kulichora: sanduku. Kila upande wake una urefu wa futi 68, karibu mita 21. Chini kabisa pana msingi wa jiwe la mchanga lenye wekundu wa kahawia, zito, lenye matundu machache, kama kasha la fedha lililowekwa chini. Juu ya msingi huo unapanda ukuta wa matofali, na katikati ya kila upande unaotazama barabara limepasuliwa tao moja kubwa mno, lenye upana wa futi 36, lililojazwa vioo vya rangi. Elmslie, yule msaidizi tuliyemtaja, alieleza miaka mingi baadaye kwamba Sullivan alifikiria matao matatu, na kwamba wazo la tao moja lilikuwa lake. Wanahistoria wanaendelea kugawana sifa. Jicho la mpita njia haliulizi. Linafuata lile tao kutoka jiwe hadi jiwe.

Sogea karibu na ukuta. Matofali hayana rangi moja. Lipo la zambarau iliyofifia, lipo la kahawia, lipo jekundu lenye kuchomeka, na uso wa kila moja ni wa kukwaruza, haukulainishwa. Sullivan alipenda matofali ya namna hii kwa sababu ukuta wake ukitazamwa kwa mbali huchanganya rangi kama zulia lililofumwa. Ukuta umezungushiwa fremu ya udongo wa kuchoma wenye rangi ya kijani na bluu, na kwenye pembe za juu yamekaa mapambo makubwa ya udongo huo huo, majani yanayojikunja na kuzaa majani mengine hadi usijue jani limeanzia wapi.

Mapambo hayo hayakuchongwa papo hapo ukutani. Fundi aitwaye Kristian Schneider, mzaliwa wa Norwei aliyeufahamu mkono wa Sullivan kuliko wengi, aliyafinyanga kwanza kwa udongo mbichi akifuata michoro. Kutoka kwenye umbo lile zilitengenezwa kalibu za plasta, udongo ukashindiliwa ndani ya kalibu, ukakaushwa, ukapakwa rangi ya kung'aa na kuingizwa tanurini. Udongo hupungua ukikauka na ukichomwa, hivyo fundi hufinyanga kitu kikubwa kuliko kinachotakiwa, akikisia moto utakula kiasi gani. Akikosea hesabu, vipande havikutani ukutani.

Ingia ndani. Kijani kinakupokea kabla ya kitu kingine: kwenye vioo vilivyotengenezwa na Louis Millet, kwenye mapambo ya kuta, na kwenye nuru yenyewe ya alasiri inayomwagika sakafuni. Majira ya kuchipua ya mwaka 1908 Sullivan alimwandikia Bennett kwamba alikuwa akishinda nje kuchunguza rangi za majani na anga kwa ajili ya ukumbi huu, na kwamba alitaka kuyaleta ya nje ndani. Kutoka darini zinaning'inia taa nne za chuma cha kusubu, kila moja ikiwa na uzito wa tani mbili na robo. Kwenye kuta mbili zisizo na madirisha makubwa, Oskar Gross, mchoraji mzaliwa wa Austria, alichora picha mbili zilizojaza nafasi nzima ya tao. Moja ni ya mavuno. Nyingine ni ya ng'ombe.

Hapa wazo zima linaonekana. Katika benki za nguzo, mkulima aliingia akihisi ameingia mahali pa wakubwa. Hapa alivua kofia, akainua macho, akakuta ng'ombe wa maziwa amewekwa mahali ambapo makanisa huweka malaika. Tena alitengewa chumba chake, ambamo wakulima waliketi kuzungumza mambo yao. Chumba cha hazina hakikufichwa. Mlango wake mzito uliachwa uonekane, ili mwenye amana ajionee kwa macho mahali jasho lake lilipolala.

Yote haya yaligharimu kama dola 125,000, fedha nyingi sana kwa mji wa watu elfu tano, hata kama ndani yake imo sehemu ya nyuma ya maduka na ofisi za kupangisha. Jengo lilifunguliwa mwaka 1908. Wageni walianza kuja Owatonna kuiangalia benki kama wanavyokwenda watu kuangalia maporomoko ya maji.

Haikupita muda mabaya yakaanza. Mwaka 1909 Sullivan alinadisha vitabu na vitu vyake vya sanaa, mkewe akamwacha, na Elmslie akaondoka baada ya kufanya naye kazi miaka 20. Tangu hapo kazi zilizompatia riziki Sullivan zilikuwa hasa benki ndogo kama ile ya Owatonna, katika miji ya Iowa, Ohio, Indiana na Wisconsin. Alifariki Aprili 1924. Miaka 20 baadaye chama cha wasanifu wa Marekani kilimpa medali yake ya dhahabu, naye hayupo wa kuipokea.

Bennett yeye aliangushwa na ngano. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Ulaya ilikuwa na njaa, bei za mazao zikapanda, wakulima wa Marekani wakakopa kununua ardhi kwa bei ya juu. Vita vikaisha, Ulaya ikalima tena, na kufikia mwaka 1921 bei za mazao zilikuwa zimeporomoka vibaya. Deni halikuporomoka nazo. Mkulima alishindwa kulipa, benki ikabaki na rehani za mashamba ambayo hayakuuzika. Katika miaka ya 1920, kabla hata ya mshtuko mkuu wa mwaka 1929, zaidi ya benki 5,000 zilifungwa Marekani, nyingi zikiwa za miji midogo kama hii. Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, tena limeandikwa vizuri, na mali iliisha habari zote zikijulikana. Mwaka 1926 National Farmers' Bank ilifunga milango. Watu waliokuwa wakiinua macho kumtazama yule ng'ombe sasa walisimama nje wakihesabu walichopoteza.

Hapo ndipo jengo lingeweza kufa. Kumbuka hali ilivyokuwa: jengo kubwa na la gharama, lililojengwa na watu walioanguka, linalowakumbusha wenyeji hasara yao kila wanapokatiza barabara. Mwaka 1929 benki nyingine ya mji ule ule, Security, ililinunua ikahamia. Haikulinunua kwa mapenzi ya sanaa. Ilihitaji benki, na jengo lilikuwa benki tayari: hazina ipo, kaunta zipo, kona ni ile ile ambayo miguu ya watu imeizoea.

Mwokozi huyo huyo ndiye aliyelijeruhi. Mwaka 1940 benki ilitaka kwenda na wakati. Vile vizimba vya makarani, vyenye madirisha ya chuma yaliyosukwa kwa mapambo ya Sullivan na Elmslie, vilionekana vya kizamani, vinavyomtenga karani na mteja kama mahabusu. Viling'olewa, na mapambo mengine ya ndani yakaondolewa pamoja navyo. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Baadhi ya madirisha yale leo yamo kwenye makumbusho. Mtu akitaka kujua karani wa Owatonna wa mwaka 1908 alimtazama mteja kupitia nini, inabidi asafiri hadi mji mwingine na kusoma kibao kilichobandikwa chini ya kioo.

Ni rahisi kuwalaumu watu wa mwaka 1940. Lakini jiulize benki ingefanya nini kama ingekatazwa kugusa chochote. Huenda ingehama, na jengo tupu halina wa kumpigia simu paa linapovuja.

Badiliko la pili lilikuja kati ya mwaka 1956 na 1958. Miaka hiyo benki nyingi za Marekani zilikuwa zikibomoa majengo yao ya zamani na kusimamisha masanduku ya vioo na alumini. Owatonna ilikwenda njia nyingine. Chini ya rais wake, Clifford Sommer, Security ilimwita msanifu Harwell Hamilton Harris alirekebishe jengo kwa kuliheshimu. Harris hakujifanya Sullivan. Alichofanya ni kuupa ukumbi kaunta na nafasi ambazo benki ya kisasa inazihitaji, vitu vipya vinavyokaa chini kimya, huku matao, vioo, taa na picha vikirudishiwa enzi yao. Ulikuwa uamuzi wa mapema mno. Sheria kuu ya Marekani ya kuhifadhi majengo ya kihistoria ilipitishwa mwaka 1966. Hakuna aliyeilazimisha benki ile. Iliamua yenyewe, kwa fedha yake.

Heshima za serikali zilifuata baadaye. Mwaka 1976 jengo liliwekwa kwenye daraja la juu kabisa la majengo ya kihistoria ya taifa, na mwaka 1981 posta ya Marekani ikachapisha stempu ya senti 18 yenye picha yake. Kwa muda, barua za mapenzi na hati za madai zilisafiri nchi nzima zikiwa na benki ya Owatonna pembeni.

Sasa linganisha na Chicago. Mwaka 1894 Adler na Sullivan walikamilisha jengo la soko la hisa la mji huo, ambalo ukumbi wake wa biashara ulipambwa kuliko hata ukumbi wa Owatonna. Soko lilihama. Jengo likabaki ofisi za kupangisha kwenye kiwanja ambacho thamani yake ilipanda kila mwaka, na wenye hesabu wakaona mnara mpya utalipa zaidi. Watu waliandamana, waliandika, walisihi. Mpiga picha Richard Nickel, aliyetumia maisha yake kupiga picha na kuokoa vipande vya kazi za Sullivan, aliendelea kuingia kwenye jengo likivunjwa. Aprili 1972 lilimwangukia, akafa ndani yake akiwa na umri wa miaka 43. Ukumbi ule uliundwa upya ndani ya makumbusho ya sanaa ya Chicago. Ni mzuri ajabu, na hakuna mtu anayefanya kazi humo.

Ndugu wengine wa Owatonna wamekwenda kila mmoja na njia yake. Benki ya Cedar Rapids, Iowa, ilifikwa na mafuriko makubwa ya mwaka 2008, ikakarabatiwa na kuwa mkahawa. Ya Grinnell, katika jimbo hilo hilo, ikawa ofisi ya chama cha wafanyabiashara wa mji. Ya Newark, Ohio, ilibadilisha mikono mara nyingi, mpaka ikaangukia kwa taasisi ya hisani iliyoahidi kuifufua. Ukizipanga pamoja unaona kanuni moja: iliyopata kazi ilipata fundi, na iliyokosa kazi ilisubiri huruma.

Fundi hapa si neno la mapambo. Udongo wa kuchoma unaonekana kama jiwe, lakini adui yake yuko nyuma yake. Kila kipande kimeshikwa ukutani kwa chuma. Maji yakipenya kwenye kiungo kilichopasuka, chuma kinashika kutu, kutu inavimba, na jani la Schneider linapasuka kutoka ndani. Halafu inakuja baridi ya Minnesota, ambako halijoto hushuka chini ya nyuzi 20 za selsiasi chini ya sifuri: maji yaliyomo yanaganda, yanatanuka, na kusukuma tena. Tiba yake haina fahari yoyote. Ni mtu kupanda kila baada ya muda, kukagua viungo, kukwangua chokaa iliyochoka na kujaza nyingine isiyo ngumu kuliko tofali, kusafisha mifereji ya paa. Hakuna anayekuja na kamera siku hiyo. Bili ya kazi hiyo hulipwa kwa urahisi zaidi na mtu ambaye paa likivuja litamlowesha yeye na makaratasi yake.

Ndiyo maana swali la leo ni gumu kuliko la mwaka 1929. Security ilimezwa na benki kubwa, nayo ikaungana na nyingine kubwa, na jina lililopo mlangoni sasa ni Wells Fargo, lenye makao yake California. Uamuzi kuhusu tawi la Owatonna unaweza kufanywa na mtu ambaye hajawahi kuivuka ile barabara. Isitoshe, kazi yenyewe ya benki inayeyuka. Mkulima wa leo anahamisha fedha kwa simu akiwa juu ya trekta. Hana haja ya kaunta, wala ya kuonyeshwa mlango wa hazina. Sheria inaweza kumzuia mtu asibomoe. Haiwezi kumlazimisha mteja aingie.

Kwa sasa wanaingia. Wapo wanaokuja na hundi, na wapo wanaokuja na shingo zilizokwishapinda kuangalia juu. Makarani wamezoea kuulizwa habari za taa na za ng'ombe kabla ya kuulizwa habari za riba. Alasiri jua likipiga tao la magharibi, kijani kile kinatua juu ya kaunta, juu ya fomu, juu ya mikono ya anayehesabu na anayesubiri zamu yake.